Kikombe cha Pili cha Mama Hortense Kahambu (1912–1979)

Mama Hortense Kahambu, tunayemkabidhi kwa udongo leo, alizaliwa tarehe 4 Agosti 1912 huko Lubero, mashariki mwa Kongo. Alisoma miaka mitatu kwa masista, akatoka na mambo mawili: kushona, na kutosema uongo. Hilo la pili alilishika mpaka alipofika miaka sitini na minne.

Mwaka 1934 alifunga ndoa na Anselme Kasereka, mchuuzi wa kahawa. Vita vya 1964 viliwatoa kwao, wakafika Kampala na cherehani moja, wakapanga Namuwongo, karibu na reli. Hapo Mama alishona sare za shule na magauni ya harusi. Mzee Kasereka alifariki mwaka 1972.

Miaka ile usiku ulikuwa wa askari. Choo kilikuwa nje, kwa hiyo wazee wengi wa mtaa, Mama akiwamo, walijinyima maji mchana kutwa wasije wakahitaji kutoka gizani. Midomo ilimkauka, kizunguzungu kikamkuta hata akiwa kwenye cherehani.

Machi 1977, askari walipokuwa wakiwasaka watu wa kabila la Walango, alimficha jirani yake, karani Ogwal, mmoja wao, nyuma ya magunia ya makaa. Asubuhi moja alichemsha maji kwenye sigiri, akamimina vikombe viwili, na kabla havijaisha askari akaingia bila hodi. Ogwal aliwahi kurudi nyuma ya magunia. Kikombe chake kilibaki mezani.

“Mama, wewe nakaa na nani?”

“Peke yangu, afande.”

“Sasa kikombe ya pili ni ya nani?”

Ukingo wake ulikuwa bado na unyevu wa midomo.

“Yangu. Mutu muzee anakunywa mbili asubuhi, mbele ya chai.”

“Basi kunywa. Mimi naona.”

Akanywa cha kwanza taratibu, kisha akashika kile cha Ogwal. Nyuma, kipande cha makaa kikaporomoka. Mama akakohoa kwa nguvu kama aliyepaliwa, akaendelea mpaka tone la mwisho. Askari akacheka, akamwita ngamia, akaahidi kupita tena.

Akapita kweli, tena na tena. Uongo ule ukawa wa kunyweshwa kila alfajiri, vikombe viwili vya maji ya uvuguvugu, hata baada ya jirani yetu Wanjala, dereva Mkenya, kumvusha Ogwal mpaka wa Busia, hadi Kenya, ndani ya lori lake. Kizunguzungu kikapungua. Mama akawa anawahimiza wazee wenzake wanywe asubuhi, jua likiwa upande wao, ili usiku wasiwe na safari.

Aprili mwaka huu, mji ulipokombolewa, miguu yake ilivimba. Daktari alisema moyo umechoka, apunguze maji, asubuhi kimoja kitoshe. Mama hakubisha, ila aliendelea kuomba amiminiwe viwili. Hatukuelewa mpaka Mei, Ogwal aliporudi na kuketi kando ya kitanda. Mama akamsogezea cha pili.

“Chukua yako, mwanangu. Nimechoka kukunywea.”

Ogwal alikinywa huku akilia, na akaja kukinywa kila asubuhi mpaka Jumamosi, tarehe 9 Juni 1979, Mama alipotutoka.

Ameacha binti mmoja, Marie-Jeanne, wajukuu watano, na Ogwal, mwana ambaye hakumzaa.

Bwana amwongoze kando ya maji ya utulivu, naye apumzike.