Ignas Damiani Mbukila na Mstari Mwekundu Uliofutwa

Marehemu Ignas Damiani Mbukila alizaliwa Katindiuka tarehe 14 Agosti 1983, mtoto wa tatu wa dada yangu Scolastica. Jina nilimchagulia mimi. Mazuri yake mengi yalitoka ujombani, na wa upande wa baba wanaoguna wagune taratibu, tupo msibani.

Alisoma shule ya msingi hapa hapa, 1992 hadi 1998. Mimi niliishia la nne kwa sababu mwalimu alichoka kabla yangu, lakini kuogelea nilimfundisha mimi, na hilo hakuna mwalimu aliyeliweza.

Mwaka 2004 alianza kuendesha boti ya Bwana Eustaki, kuvusha watu wa mashamba ya mpunga ng'ambo ya mto Kilombero. Ubavuni alichora mstari mwekundu. Maji yakiufikia, mtu au gunia lishuke. Hivyo ndivyo alivyopata mke. "Dada, shuka, utavuka awamu ijayo," alimwambia Agnella mbele ya watu. Agnella alinuna miezi miwili! Mwaka 2009 wakafunga ndoa Mchombe. Mahari niliiongea mimi, na niliiongea vizuri.

Sehemu ya ugonjwa sina la kuandika. Marehemu hakuugua.

Februari mwaka huu Bwana Eustaki aliipaka boti rangi ya bluu, akaufuta mstari. Alisema unafukuza abiria. Jumatano tarehe 17 Aprili 2024, saa tatu asubuhi, mto umefurika, aliamuru yapakiwe magunia kumi na manane ya mbolea pamoja na abiria ishirini na sita. Nyamizi, mama wa Kisukuma aliyekuwemo, ametusimulia. Ignas alisema, "Bosi, hapa hatufiki." Akajibiwa, "Shuka basi, injini nampa mwingine." Akashuka kweli. Akamtazama huyo mwingine, asiyeujua mkondo. Akawaomba abiria washuke, wakagoma, walishakaa. Akarudi kwenye injini.

Boti ilizama katikati ya mto. Alimtoa Nyamizi, akawatoa wengine watatu, akamrudia Bibi Aurelia wa Mchombe, aliyekuwa anapeleka vifaranga shambani. Hao wawili hawakutoka. Abiria mwingine, Masanja, aliyekuwa anafuata ng'ombe wake, naye hakutoka; waliobaki waliogelea hadi ukingoni.

Leo tunasikia eti nahodha alikuwa amelewa. Nani, Ignas? Tangu kipaimara hakuonja hata togwa lililochacha. Pombe ya ukoo huu nainywa mimi, muulizeni yeyote. Aliyeandikisha uongo huo kwenye maelezo ya ajali ni mwenye boti, na yupo hapa, kiti cha mbele, kashika shada la maua.

Marehemu ameacha mama, mke, watoto watatu, Evod, Mariana na Emanuel, na mjomba mmoja mwenye hasira. Mungu ampe pumziko lenye amani.

Bwana Eustaki, haya yamechapwa kwenye ratiba, kuninyang'anya maiki hakutakusaidia. Jeneza halishuki mpaka usimame uwaambie watoto hawa kwamba baba yao hakuwa amelewa.