Shangazi Aliyebeba Mtoto ili Mama Aseme

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, afisa wa Dawati la Wazazi na Watoto Wachanga anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya mji kwa miaka thelathini na mmoja. Ni wachache wanaolikumbuka jina lililo kwenye kitambulisho chake. Kwetu sote, kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, yeye ni Shangazi.

Alipoambiwa kwamba wasifu huu utaandikwa na binti wa mapokezi aliyemaliza shule juzi tu, hakupinga, ila alitoa sharti. "Mwanangu, usiniandikie kama marehemu," alisema. "Nastaafu, sijafa. Na pale ambapo sikuwa mpole, usiseme nilikuwa mpole." Tumejitahidi kumtii.

Mwaka huu haukuwa mwepesi. Mnamo Februari tulipata taarifa kwamba Shangazi akiondoka, dawati lake nalo litaondoka. Kazi zake zingehamishiwa ghorofa ya tatu, kwenye ofisi ya viwanja na vibali, na chumba chake cha chini, kando ya ngazi, kingegeuzwa stoo ya viti vibovu. Jengo letu halina lifti. Mjamzito mwenye miguu iliyovimba angepanda ngazi zote hizo, kisha angoje zamu yake nyuma ya watu wanaogombania mipaka ya viwanja. Jambo hilo lilitukosesha raha miezi minne. Lakini kabla ya kueleza liliishaje, ni haki tuseme kilichotaka kupotea kilijengwaje.

Jina la Shangazi lilizaliwa hospitalini. Katika miaka yake ya mwanzo, wodi ya watoto njiti ilikuwa inaruhusu ndugu peke yao, na yeye alikuwa afisa wa mji tu, si ndugu wa mtu. Siku ya kwanza alirudishwa mlangoni. Siku ya pili mlinzi alipomuuliza ana uhusiano gani na mtoto, alijibu bila kupepesa macho kwamba yeye ni shangazi yake. Akapita. Wiki iliyofuata alikuwa shangazi wa mtoto mwingine, kisha wa mapacha, kisha wa mtoto ambaye hata mama yake alikuwa hajamjua Shangazi bado. Mwishowe mlinzi alimvuta pembeni kwa heshima zote. "Shangazi, samahani," akamuuliza, "hao kaka zako wako wangapi, na hawana kazi nyingine?"

Alichokuwa akikifuata ndani kilikuwa hiki: akina mama walikuwa wanaruhusiwa kutoka hospitali huku watoto wao wamebaki kwenye mashine za joto. Kati ya kunyonyesha na kunyonyesha walikaa kwenye ngazi za nje, jua likiwaka au mvua ikinyesha, na vidonda vya uzazi havijakauka. Shangazi akakaa nao. Mganga mkuu alipomwita ofisini wakazungumze, alituma jibu kwamba angefurahi sana, ila yuko kwenye ngazi na hawezi kuwaacha wenzake. Mganga mkuu akashuka. Alikaa nao mpaka suruali yake ikaloa mvua. Leo mkabala na wodi ile kuna chumba cha akina mama chenye vitanda.

Njia yake ya kazi, ambayo wengi wetu tumejaribu kuiiga bila mafanikio, aliipata kwa bahati. Alikuwa amekwenda kwenye karakana moja ya ushonaji kumwombea mpiga pasi mwenye mtoto wa miezi minne nafasi ya kunyonyesha. Hotuba aliiandaa wiki nzima, akaisema mbele ya kioo, akamsomea na mumewe. Walipofika, meneja alizungumza na afisa tu, kana kwamba yule mama ni mkoba uliokuja na mgeni. Shangazi alipofungua kinywa, mtoto akaanza kulia, kilio kile cha kutosikilizana. Ikabidi ambebe, atoke naye uani. Meneja akabaki hana mtu wa kuzungumza naye isipokuwa mpiga pasi mwenyewe. Mtoto aliponyamaza na Shangazi akarudi, walikuwa wameshakubaliana: nusu saa asubuhi, nusu saa mchana, na pembe ya chumba yenye pazia. Meneja alikuwa anauliza mtoto anaitwa nani. Shangazi hakufurahi papo hapo. "Na hotuba yangu je?" alimuuliza mpiga pasi njiani. Anasema mpaka leo kwamba ni hotuba bora kuliko zote alizowahi kutoa, na bahati nzuri hakuitoa.

Tangu siku ile, popote alipokwenda na mzazi, alimpokea mtoto na kutoka nje. Mzazi angeshtuka, angemtazama kwa macho ya kuomba msaada, naye angesema maneno yale yale: "Mimi nitashika huyu. Wewe shika hilo la kwako, useme." Amesimama kwenye korido za shule, za viwanda, za mahakama na za wenye nyumba wasiotaka kelele za watoto. Blauzi zake zote zina alama ya maziwa kwenye bega la kushoto. Walipokuja wageni wakubwa na mkurugenzi akamnong'oneza kuhusu doa lile, alijibu kwa sauti ya kawaida kwamba wengine wamepewa nishani za chuma, yeye amepewa hiyo.

Chumba chake kinajulikana na kila aliyewahi kulea katika mji huu. Kuna mkeka mpana, kiti kimoja chenye mikono kwa anayenyonyesha, na sinki lililoshushwa chini ili mtoto wa miaka miwili anawe mwenyewe. Fundi aliyelifunga aliuliza mara mbili kama amesikia vipimo vizuri. Shangazi mwenyewe hukalia kigoda. Mlango wake hufungwa saa za kuondoka tu.

Kwa kuwa aliagiza ukweli, tuseme na haya. Hakuwa mpole kwa aliyemwambia mjamzito asubiri amesimama. Vikao vya wafanyakazi alichelewa karibu vyote. Na bembelezi zake ni mbaya: sauti yake ni nzito na hukwaruza, na tunaamini baadhi ya watoto walilala ili anyamaze.

Turudi kwenye lile lililotusumbua. Kamati ya huduma ilikaa mapema mwezi huu kuamua kuhusu dawati. Mkurugenzi alimwombea Shangazi nafasi ya kusema, na sote tulitaka asimame. Mhasibu wetu, ambaye watoto wake watatu wamekulia kwenye mkeka ule, alimfuata asubuhi na kumsihi: "Shangazi, mara hii tu, sema wewe. Ukitoka nje na watoto, tumekwisha." Akamjibu, "Nimekusikia, baba." Tulisahau kwamba kwa Shangazi kusikia si kukubali.

Akina mama walikuja wengi, na baba mmoja aliyejifunga mtoto kifuani. Mwenyekiti hajamaliza kusoma ajenda, vitoto viwili vikaanza kulia. Shangazi akasimama. Mmoja alimweka begani, wa pili kiunoni, akawaita kwa kichwa wote waliokwisha kutembea, wakamfuata kama vifaranga. Mlango ukafungwa taratibu. Mhasibu alifunika uso kwa mikono miwili.

Mwenyekiti aliinua macho na kuuliza afisa yuko wapi. Mtu akamjibu kwamba yuko koridoni, anabembeleza. "Basi nani atasema?"

Aliyesimama, mkono mmoja mezani na mwingine kiunoni, alikuwa yule dada muuza matunda wa mlangoni kwetu, mwenye mimba ya miezi minane. Sisi tunaopita pale kila siku tulikuwa hatujamsikia akisema zaidi ya "Yameiva haya."

"Mheshimiwa, mimi sijui kuongea mbele za watu," alianza. "Mimba yangu ya kwanza niliificha miezi sita. Mwenye nyumba alishasema akisikia mtoto tunatoka. Kliniki sikwenda, mtu sikumwambia. Siku moja niliingia hapa kuomba choo tu. Mlango ule wa chini ulikuwa wazi, nikaona kiti, nikakaa. Sikuulizwa kitu mpaka nilipomaliza kulia." Akashika tumbo lake. "Ingekuwa huko juu nisingefika. Mtu anapandaje ngazi zote zile kwenda kusema kitu anachokificha?"

Diwani mmoja akataka kuelewa: je, wanaomba Shangazi aongezewe muda?

"Hapana, Shangazi amechoka, mwacheni akalale. Tunaombea ule mlango."

Watu wakacheka, hata mwenyekiti. Kisha baba mwenye mtoto kifuani akasema kwamba yeye hana mengi, ila amepita ofisi ya viwanja kuangalia, na pa kumbadilishia mtoto nepi hakupaona isipokuwa juu ya ramani. Baada ya hapo hakuna aliyesubiri kuitwa. Walisema kuhusu kliniki, kuhusu waajiri, kuhusu homa za watoto na nani wa kumuuliza. Mwenyekiti aliacha kutazama saa.

Kamati iliamua kwamba dawati libaki, libaki chini, na atafutwe afisa mpya. Imetoa mwaka mmoja, kisha itaangalia upya.

Mhasibu ndiye aliyekimbia kwenda kumpa habari. Alimkuta Shangazi amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha, mtoto mmoja amelala kifuani pake na wengine wanavuta kamba za viatu vyake. Mhasibu alipofungua kinywa, akaonyeshwa kidole mdomoni. Ikabidi apige magoti na kunong'ona. Shangazi alifumba macho kidogo.

"Nani alisema?"

"Wa matunda."

"Yule wa mlangoni?" Akatabasamu. "Nirudie alivyosema. Yote, usirukeruke."

Na mhasibu wetu, mtu mzima mwenye tai, akabaki amepiga magoti koridoni akirudia maneno ya muuza matunda kwa mnong'ono, tangu mwanzo hadi mwisho.

Shangazi, ofisi nzima inakushukuru, na wanakushukuru watu wazima wengi wasiokumbuka kwamba uliwahi kuwabeba. Hatuna ahadi kubwa. Mwaka mmoja si mwingi, na afisa mpya bado hajapatikana. Lakini hao akina mama wameshaonja kusema, na kamati ikikaa tena watakuwepo. Sisi tutatafuta mabega ya kutosha.

Tunakutakia afya, asubuhi zisizo na haraka, na wajukuu wanaolala mapema. Jumatatu mlango wa chini tutaufungua sisi.