Pélagie, Mulezi wa Siku Kumi na Nne

Jambo yenu bote, bababa na bamama, banakanisa, majirani ya Kabazana na ninyi mulitoka Kaberebere na Mbarara, ninaomba tunyamaze kidogo, hata benye kuwa kule nyuma kwa masufuria, kwa sababu sauti yangu haiko kubwa na ninasoma polepole, nikipotea mustari nitaurudilia, musinisaidie. Mimi ni Byamungu, mudogo wake na marehemu, tumbo moja, na hii historia niliiandika mwenyewe kwa mukono wangu. Niseme mapema ili musishangae: Madamu Mbabazi, ofisa wa batoto wa distrikti, ameketi hapa mbele pamoja na batoto batatu benye dada alikuwa anachunga, na leo mbele ya saa kumi na moja itajulikana kama bale batatu babaki nyumba moja ao bagawanywe, kwa hiyo nitasoma yote lakini sitakawia.

Dada yetu Pélagie alizaliwa tarehe 9 mwezi wa tatu mwaka wa 1961, mu milima ya Kalehe, Kivu ya Kusini, mutoto wa kwanza wa bazazi balimaji, na mu 1967 aliingia shule ya misioni, akasoma mpaka mwaka wa tatu, na mu 1970 akatolewa, kwa sababu mama alikuwa amenizaa mimi na alihitaji mutu wa kunibeba, kwa hiyo masomo ya dada iliishia pale mugongoni mwake, nilipokuwa nimelala. Mimi naye sikusoma, nilichunga mbuzi.

Tarehe 6 mwezi wa nane 1983 aliolewa na Kalume, fundi wa kushona nguo, mutu wa maneno kidogo, na mu 1988 Mungu akabapa mutoto mumoja, Georgette, mwenye munamuona pale amevaa kitambaa cheupe. Vita ilipotufikia mu mwezi wa kumi na moja 1996 tulikimbia sisi bane, tukapita Goma, Kalume na mashini ya kushona juu ya kichwa, na Bunagana homa ikamuangusha, akafa tarehe 2 mwezi wa kumi na mbili, tukamuzika kando ya barabara, dada akanyanyua ile mashini akaiweka kichwani mwake, tukavuka mupaka, tukaingia Uganda. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1997 tuliandikwa hapa Nakivale.

Kazi yake ilikuwa kulima mahindi na maharagi na kushona uniforme ya banafunzi, lakini kazi yenye munamujulia ni ile ingine, ya kuokota batoto. Mutoto akipatikana peke yake pale fasi ya kupokelea bakimbizi, batu balisema tu, mupelekeni kwa mama wa mashini. Hakuna mwenye alimuandika mu karatasi wakati ule, alikuwa anafanya, basi.

Karatasi ilikuya tarehe 14 mwezi wa nne 2011. Distrikti ilikuwa imetoa tenda ya kuhifadhi batoto ba dharura, na shirika moja lenye lilishinda ile tenda lilikuwa na nyumba Mbarara, mu Nyamityobora, likatafuta bamama ba hapa kambini ba kupokea mutoto siku za kwanza, kumi na nne tu, mbele ya gari kuya kumuchukua. Dada alitia kidole mu wino akakikandamiza pa kontra, ule mukataba, na bakamusomea masharti, kwamba mutoto asipigwe, asilimishwe, asilale na njaa, na tena kwamba mulezi asilale inje ya kambi hata usiku mumoja wakati mutoto iko mu nyumba yake, na pale dada alicheka sana, akauliza, "Nitalala wapi ingine miye? Hoteli?" Mu miaka mbili alipokea batoto makumi mbili na sita, na kila mumoja alipanda gari akienda, na dada alibaki na sabuni ya kufua mashuka.

Tarehe 22 mwezi wa tano 2013 balileta hawa batatu, bandugu ba tumbo moja, benye balipatikana barabara ya Ngarama na mama yao amekufa: Elisée alikuwa na miaka sita, Yvette ine, na Ezira alikuwa angali mutoto wa kunyonya. Siku kumi na mbili kisha, tarehe 3 mwezi wa sita, mutu wa boda, ile pikipiki, akaleta barua ya distrikti, upande moja Kiingereza, upande ingine Kiswahili, na boda akasema kwa mudomo kwamba tenda ya lile shirika imekwisha, nyumba ya Nyamityobora imefungwa, hakuna gari tena. Dada akanipa barua, akasema, "Soma, mudogo wangu."

Ninyi bote mulidhani ninajua kusoma. Nilikuwa muchuuzi wa maharagi, ninalala Mbarara siku tatu kila juma, nilivaa kalamu mu mufuko wa shati, na dada alijivuna juu yangu mbele ya majirani. Basi nilitazama ile karatasi muda mrefu, nikasema, "Inasema uendelee kuchunga batoto, usitoke kambini, mpaka tenda mupya ipatikane." Nilijitungia. Nilifikiri hakuna ubaya, kwa sababu ndivyo serikali inaandikaka kila siku. Na dada alinirudishia ile barua mara mingi, akisema, "Soma tena, Byamungu, labda leo itasema ingine," na mimi nilisoma tena vile vile, siku moja nikaongeza na salamu za mwisho, naye akasema, "Kumbe ile biro ya distrikti iko na heshima."

Ndivyo dada alifungwa, na kamba niliishika mimi. Tarehe 14 mwezi wa kumi na mbili 2013 Georgette aliolewa Kaberebere, fasi yenye mutu anaenda na boda na kufika mbele chai haiyapoa, na mama yake hakufika, alishona gauni ya bibi-harusi mwenyewe, akaisindikiza mpaka kwa kibao cha mwisho cha kambi, akasimama pale na Ezira mugongoni mpaka vumbi ya gari ikaisha. Bamama ba bomba la maji balimutania, "Pélagie, wewe umeolewa na distrikti!" Naye akabajibu, "Afazali huyu bwana, hakoromi." Lakini kwake jioni alikuwa anazunguka kiwanja, mwiba kwa mwiba wa lupango, ule uzio wetu, kama mbuzi ya kamba fupi, na mimi nilikuwa ninamuona nikinyamaza.

Mu mwezi wa ine 2014 alianza kutoka damu, kliniki ya hapa ikamuandikia transfere ya kwenda hospitali ya Mbarara, akaikunja, akaniita, akasema, "Nikilala Mbarara hata usiku mumoja, banakuya kunyanganya batoto. Tazama vizuri mu barua, labda kuko fasi ya mugonjwa." Bandugu, nilitazama. Nikasema hakuna.

Juma lenye lilifuata niliingia darasa ya batu bazima mu kanisa, kwa mwalimu Karekezi, nikaketi na babibi ba miaka makumi sita, benye balinicheka, "Kijana, umekuya kutufundisha?" nami nikabaambia nimekuya kuanza na a. Nilianza na a. Kwa mwezi wa tatu 2015, tarehe 8, kisha ibada, niliomba dada ile barua bila yeye kuniagiza, nikaisoma kweli, na pa mustari wa ine nikakuta maneno haya, ninabasomea kama ilivyo: "Mlezi aliye mgonjwa au mwenye safari anaweza kumwandikisha mlezi wa pili, ndugu wa familia anayejua kusoma na kuandika, atakayebaki na watoto." Chini yake kulikuwa na mustari mutupu wa jina. Ulikuwa umengoja pale karibu miaka mbili.

Nilimuambia dada yote, tangu a. Aliacha maji ya ugali ikamwagika mu moto, kisha akasema, "Miaka yote ile ulisoma muzuri sana, mudogo wangu, ni karatasi ndiyo ilikuwa inakosea." Ni hayo tu alinisemea juu ya ile neno, hakuniongezea hata moja, mpaka kufa.

Tarehe 20 ya ule mwezi Madamu Mbabazi alikuya, nikaandika jina langu pa ule mustari, nikabaki na batoto, na dada akaenda Mbarara na Georgette. Muganga aliuliza kwa nini amechelewa, dada akasema alikuwa na kazi. Ilikuwa kansa ya kizazi, ilikuwa imesambaa. Alilala kule miezi karibu tano, akafa Jumanne, tarehe 11 mwezi wa nane 2015, saa ine ya asubui, akiwa na miaka makumi tano na ine.

Tunashukuru baganga na bauguzi ba Mbarara benye balimukalisha bila maumivu mingi, tunashukuru majirani ya Kabazana kwa kuni na maji, bamama benye balikuwa banashona naye, mwalimu Karekezi, na Georgette, mwenye hakuhesabu mama yake deni ya ile harusi.

Sasa juu ya batoto. Kontra inasema mulezi wa kwanza akifariki, wa pili naye anaanguka, jina lake linafutwa, isipokuwa akisaini kontra yake mwenyewe mu siku mbili, mbele ya muhuri wa biro ya distrikti, na siku ya pili ni leo, na biro inafungwa saa kumi na moja. Kama sivyo, Ezira anaenda nyumba ya batoto badogo, Yvette fasi ingine, Elisée ingine. Asubui nilimuomba Madamu angoje mpaka kisha maziko, akanijibu, "Mzee, mimi nasikia wewe, lakini karatasi hapana sikia." Hakusema kwa ubaya, alifuta machozi.

Ninajua desturi yetu, ndugu wa tumbo moja ndiye anatupa udongo wa kwanza. Na nimeisoma ile kontra mupya, jana mara mbili, leo mara moja, mustari kwa mustari, na sharti la kutolala inje ya kambi halikutolewa, liko pale pale, biashara yangu ya maharagi Mbarara imekwisha, na Ezira hana hata miaka tatu. Hakuna mwenye amenisomea, na hakuna mwenye amenidanganya.

Georgette, tupa wewe udongo wa kwanza, pa fasi ya mukono wangu. Pélagie, dada yangu, lala, utoke mu kambi sasa, hakuna mwenye atakuuliza. Elisée, shika Yvette mukono, twende kwa gari. Ninyi mubaki, muimbe, musifunike kaburi mpaka juu. Ninarudi.