Tunda la Kuzikwa Kisoko

Basi letu la kutoka Busia lilitambaa matopeni toka Tororo. Mbele yangu karani mmoja alijisifia ndege aliyopanda na bwana wake. "Mama, Nairobi mpaka Entebbe ni mwendo wa saa mbili tu! Inapita hapa hapa juu."

"Naijua," alijibu mama Athieno, jirani yake kitini, aliyepakata tunda refu la mwegea kama mtoto. "Mzungu aliyepikiwa na mume wangu alirudi nayo kwao. Mume wangu alipokufa wakamzika huko huko Nairobi. Eti Kisoko ni mbali."

Karani akauliza, "Na tunda?"

"Tunalizika nyumbani badala ya mwili."

Basi likasimama Kisoko. Karani akanyoosha mikono ampokee mzigo.

"Wacha, baba. Mume wangu nambeba mwenyewe."