Anwani Zinazoishia na “Yetu”

Kijana alikuwa amemweleza fundi cherehani aliyeketi naye kwenye treni habari za ofisi yake mpya ya kusajili anwani za tovuti, zote zikiishia na “yetu”.

“Na umesema simu zetu hazizifungui?” akauliza mama huyo fundi.

“Zinazifungua, mama, ukibadilisha mpangilio mmoja wa simu. Kwenye anwani za kawaida majina mazuri yalishachukuliwa na kampuni kubwa.”

“Yaani umefungua duka, mteja aje na mlango wake!”

Behewa zima likacheka. Kijana naye akacheka, ingawa tangu aizindue ofisi hiyo hakuna aliyejisajili.

Treni ikapunguza mwendo. Mama akasimama, akamnyooshea simu. “Nibadilishie upesi. Na jina la ‘cherehani’, kuna aliyelichukua?”

“Bado, mama!”

Milango ikafunguka.