Mpira kwa Mkono wa Kushoto

Fundi cherehani alikuwa ameanza kusinzia basini aliposikia muuguzi wa kiti cha mbele, mpira wa kikapu mapajani, akimwambia jirani yake, "Leo tunacheza fainali, na mkono wangu wa kushoto bado mzito. Kila asubuhi nadundisha nikizunguka ndoo uani, mpaka mama mkwe anauliza kama nyumba inabomolewa."

Jirani, mama mtu mzima aliyewahi kuwa kocha, akamgeukia mzima mzima. "Unadundisha ukiutazama mpira?"

"Nisipoutazama unanikimbia, mama."

"Uache ukukimbie, mwanangu. Vidole ndivyo vinavyojifunza. Leo anza na kushoto."

"Kwenye fainali? Si watanitoa uwanjani?"

"Ukitegemea wa kulia tu, wapinzani watakusoma mapema."

Fundi, ambaye hajawahi kugusa mpira maishani, usingizi ulimruka. Alitaka sana kusikia muuguzi atajibu nini, lakini basi likasimama mbele ya uwanja.

Muuguzi akashuka, akasita, kisha akaanza kudundisha kwa kushoto huku akimtazama kocha dirishani. Mpira ukagonga kiatu, ukatoroka. Akaukimbilia akicheka, akaudaka, akaanza tena kwa mkono ule ule.

"Kichwa juu," kocha akamwambia.

Fundi akajikuta amesimama, shingo nje ya dirisha, anapiga makofi.