Mama Programu, Miaka Thelathini na Tatu na Dakika Kumi Zilizotuacha Midomo Wazi

Tarehe 30 Juni, saa kumi kamili jioni, Mratibu wa Programu za Masomo wa chuo chetu kikuu cha viziwi atarudisha funguo za ofisi namba tisa, baada ya kututumikia miaka thelathini na tatu. Wanafunzi humwita kwa alama ya vidole viwili vinavyopita juu ya nyusi, maana nyusi zake hufanya kazi ya watu watatu. Sisi tunaotumia midomo tunamwita Mama Programu. Kamati ya sherehe imenipa mimi, fundi umeme, niandike wasifu wake, na imefanya la maana. Nimezunguka dunia na meli, nimefunga taa kwenye hoteli za wakubwa, na kalamu naiweza ingawa mimi na shule tuliachana mapema. Ila nakiri kwamba naandika huku nimepigwa na butwaa tangu mwezi wa tatu, na sababu nitaifikia.

Alikuja hapa akiwa na miaka ishirini na saba, mpiga chapa. Wakati huo chuo kilikuwa na programu mbili tu, ualimu wa shule za msingi na ushonaji. Kiziwi aliyekuja na ndoto ya hesabu alipewa sindano na uzi. Leo tuna programu kumi na moja, na hakuna hata moja kati ya zile tisa mpya ambayo haikupita mezani kwake ikiwa bado ni karatasi moja iliyokunjamana.

Ana utaratibu wake, na ole wako uuruke. Programu haianzi mpaka maneno yake yapate alama. Kila Jumatano mchana aliwakalisha wahadhiri na wanafunzi wabuni alama za vitu ambavyo mikono ilikuwa haijawahi kuvitaja. Sayansi ya Maabara peke yake ilikula miezi kumi na minne. Alama ya chembe nyeupe za damu ilipigiwa kura mara tatu, watu wakanuniana wiki nzima. Na ugomvi wa mikono msiudharau, kuna mhadhiri aliteguka kidole gumba.

Halafu kuna suala la jua. Kabla ya kila muhula alipita darasa hadi darasa na daftari lake, asubuhi na alasiri, akiandika mwanga unaingilia wapi. Nilimwona amechanganyikiwa. Kumbe mhadhiri akisimama na dirisha mgongoni anageuka kivuli, mikono haionekani, na somo limekufa. Ratiba nzima ya chuo hiki inapangwa kwa kufuata jua, na aliyeipanga ni yeye.

Mimi alinipokea miaka kumi na tisa iliyopita, na wiki yangu ya kwanza nilimtia aibu. Jioni nilipita ukumbi wa mikutano, taa zinawaka na kimya kimetanda. Nikasema hapa hapana mtu, umeme unaliwa bure, nikazima. Ndani kulikuwa na wahadhiri arobaini katikati ya mjadala mkali. Mama Programu alinifuata kwenye korido akanipa kikaratasi: "Umewaziba watu arobaini midomo kwa kidole kimoja." Sikupewa barua ya onyo. Nilipewa hicho kikaratasi, na ninacho.

Sasa nije kwenye mwezi wa tatu. Walikuja wakaguzi watatu kuamua kama Sayansi ya Maabara inastahili ithibati. Wakikataa, wanafunzi arobaini na sita wa mwaka wa tatu wanarudi nyumbani bila shahada, na programu hiyo, mtoto wa mwisho wa Mama Programu, inazikwa miezi mitatu kabla yeye hajastaafu. Kikao kilikuwa ukumbini. Mkalimani mmoja alikuwa mgonjwa, na wa pili, baada ya saa mbili mfululizo, mikono ilimgomea akaomba dakika kumi akanywe maji. Wakabaki wanafunzi, wahadhiri wao viziwi, Mama Programu aliyekuwa akipanga mafaili hatua mbili kutoka kwa wageni, na mimi nyuma na projekta yangu.

Wakaguzi wakajiona wako peke yao. Mdogo wao akauliza ripoti itachukua siku ngapi. Mkuu wao akajibu kama mtu aliye sebuleni kwake: "Ripoti nimeandika tangu juzi, tunaifunga. Mashine ikilia, hawa watasikia kwa kutumia nini? Warudi kwenye kushona, sindano haipigi kelele." Wa tatu akacheka, akasema kiatu kinambana, mambo yaishe waondoke.

Nilisikia kila neno. Nikakodolea macho nyaya zangu kama vile ndizo zilizoongea. Alama ninazozijua ni za kuombea chai na bisibisi, ndivyo nilivyojitetea moyoni. Nikakaa kimya.

Mama Programu akaweka faili chini, akapanda jukwaani, akawageukia wanafunzi na kuanza kutafsiri. Alitafsiri yote, ripoti ya juzi, kufunga, sindano, kicheko. Hata kiatu hakukiacha, akaonyesha na kidole kinavyobanwa, mpaka safu ya mbele ikaangua kicheko. Hapo ndipo wakaguzi walipoinua vichwa. Na mimi nikasahau projekta yangu, maana kwa miaka kumi na tisa niliamini mwanamke huyu ni kiziwi.

Mwanafunzi mmoja wa kike akasimama na kujibu kwa mikono. Mama Programu akamtolea sauti, nzito na tulivu kama ya mtangazaji wa zamani wa redio: "Anasema, mheshimiwa, twende maabara nikuonyeshe tunasikia kwa kutumia nini."

Tukaenda. Binti akamwomba mkuu wa wakaguzi apange mwenyewe vichupa kwenye mashine ya kuzungushia damu. Mzee akavipanga vyote upande mmoja, kumbe hutakiwa vilingane pande zote. Mashine ikaanza. Sisi wenye masikio tukaona inaunguruma vizuri tu, lakini binti, kiganja chake kikiwa juu ya meza, akausikia mtikisiko wake akaizima kabla kengele haijalia. Akaiwasha tena, na safari hii akaiacha mpaka taa nyekundu ya hatari ikamulika chumba kizima. Taa hiyo Mama Programu aliidai kwa barua sita, na niliifunga kwa mikono yangu hii miwili. Mnakaribishwa kuitazama saa za kazi. Mzee akatoa ripoti kwenye mkoba, akaichana vipande viwili, akamuuliza Mama Programu alama ya kuomba radhi ni ipi. Akajibiwa amuulize binti.

Kesho yake nilikwenda ofisi namba tisa na uso wangu mkononi. Fikirieni wenyewe. Mbele ya mwanamke huyu nimemsengenya mkuu wa kitivo, mke wangu, na koti lake yeye mwenyewe la kijani. Akaniandikia kikaratasi kwamba koti hilo amelipenda zaidi tangu siku ile. Nilipowalalamikia viziwi kwamba walinificha, wakaniambia sikuuliza, na kwamba wao walidhani najua.

Mama Programu akanieleza kwamba baba na mama yake walikuwa viziwi, yeye ndiye mkubwa, na ndiye aliyewasikilizia kila mahali. Akiwa na miaka kumi alimtafsiria mama yake maneno ya daktari, akayapunguza ukali kwa kumwonea huruma. Mama akaona ugonjwa ni mdogo, akarudi nyumbani bila kutibiwa, na hakumaliza mwaka. Tangu hapo hapunguzi neno la mtu. Na sauti yake huiacha getini, kwa sababu aliwaona wazazi wake wakikaa mezani na watu wanaoongea kana kwamba wao hawapo.

Barua ya ithibati ilifika tarehe 12 mwezi huu, na ni ya miaka mitano. Wale arobaini na sita watavaa joho mwezi wa kumi na moja, na yeye atakaa safu ya mbele kama mgeni. Ofisi namba tisa inachukuliwa na kiziwi aliyehitimu programu yetu ya Hisabati, kama Mama Programu alivyoomba mwenyewe.

Dada yetu, tunakushukuru kwa alama ulizotubunia, kwa ratiba ya jua, na kwa kutotuficha kitu. Mimi nimejiandikisha darasa la Jumatano pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na mpaka sasa ndimi wa mwisho darasani. Siku ile tulikuwa wawili tuliosikia, na aliyesimama alikuwa mmoja. Wakaguzi wengine watakuja baada ya miaka mitano. Pumzika kwa raha, uishi ukicheka, na usiwe na wasiwasi nani atasimama.